Gari Limenyanyuliwa, Usukani Umepotea

Pemba ni kisiwa cha vilima. Anayetoka Unguja kwa mara ya kwanza hulishangaa hilo kabla hajafika Mtambile: barabara inapanda, inakata kona, inateremka kwenye bonde la mpunga, kisha inapanda tena kwenye mikarafuu. Lami imefika mbali miaka hii, lakini karafuu hazichumwi barabarani. Zinachumwa juu ya vilima, kwenye njia za udongo mwekundu ambao masika yakiupiga siku mbili mfululizo huwa utelezi mtupu, na gari lililopita jana huliachia la leo mifereji miwili ya kutumbukia. Ndiyo maana Land Rover za Series, Land Cruiser za umbo la kale na Suzuki ndogo za SJ bado zina bei na wapenzi wake. Na ndiyo maana wenye nazo wengi wamezinyanyua.

Kunyanyua gari la springi za majani ni kazi ya mchana mmoja. Unatoa vile vibati viwili vinavyoshika ncha ya springi, unachongesha virefu zaidi, unafunga, gari limesimama juu. Gari hilohilo jioni linarudi kwenye lami ya Chake au Wete, linapishana na watoto wa skuli, baiskeli zilizopakia majani ya ng'ombe, na magari ya ng'ombe yenyewe ambayo usiku hayana hata taa. Hapo ndipo dereva anapogundua kwamba usukani alioujua haupo tena.

Hoja niliyoiweka mbele ya wasemaji ni moja: gari la zamani lililonyanyuliwa litengenezwe usukani likiwa hukohuko juu, au lirudishwe chini? Wasemaji ni wanne, nami nimewaita kwa kazi zao: mwenye gari, ambaye ni mkulima wa karafuu, fundi mtu mzima wa gereji, kijana anayepeleka wageni pwani ya Kigomasha kwa Suzuki, na mwalimu wa ufundi wa magari. Mimi ninao upande wangu, na sitauficha.

MWENYE GARI: Gari langu ni Land Rover 109, Series III. Sikulinyanyua kwa fahari, nililinyanyua kwa magunia. Msimu hausubiri njia ikauke. Karafuu mbichi ukizilaza guniani zinachacha, na ukizifikisha kwenye kituo cha kununulia cha ZSTC zimeshuka daraja, umekula hasara ya mwaka mzima. Sasa mniambie nirudishe gari chini, halafu likwame bondeni na kazi ya watu kumi ndani yake?

FUNDI: Sheikh, tuanzie hapohapo ulipokwama. Gari likikaa tope, ukainama kutazama, kitu gani kimegusa?

MWENYE GARI: Difu.

FUNDI: Na difu imepanda tangu ulipoweka vile vibati virefu?

MWENYE GARI: Gari zima limepanda.

FUNDI: Bodi imepanda. Chasisi imepanda. Difu iko ndani ya ekseli, na ekseli inakaa kwenye magurudumu, haikai kwenye springi. Uweke springi ndefu uwezavyo, difu itabaki palepale. Kitu cha kuipandisha ni tairi tu, tena kwa nusu: tairi likizidi urefu sentimita tano, difu inapanda mbili na nusu.

MWENYE GARI: Hilo nalijua, Fundi. Lakini njia ya shamba si mfereji tu. Kuna mgongo wa kilima, unapandisha mbele, tumbo la gari linakaa juu ya udongo na magurudumu yanazunguka hewani. Kuna kuvuka mtaro, bampa inachimba. Kuna ekzosi, niliwahi kuing'oa kwenye kisiki. Hayo yote urefu umenisaidia, wala usiniambie haukunisaidia.

FUNDI: Hapo sina ubishi. Kwa tumbo na kwa pua ya gari, urefu ni faida.

Mwenye gari ana haki yake hapa. Wako watu wanaolisema neno hili la kunyanyua magari kana kwamba kila anayefanya ni mtoto anayetaka kuonekana, na hao hawajawahi kushusha magunia kilimani mvua ikinyesha. Lakini jibu la fundi limeshaondoa nusu ya sababu yake: tope la Pemba hukamata difu kwanza, na difu haijali springi. Kilichobaki ni kupima faida ile ya tumbo na pua dhidi ya bei iliyolipwa kwenye usukani.

KIJANA: Ami, mimi bei hiyo nailipa kila siku. Suzuki yangu ni SJ410. Nimeweka vibati virefu mbele na nyuma, na tairi pana. Mchangani Vumawimbi inakwenda vizuri sana. Tatizo ni lami. Nikishika mwendo wa sabini, gari halitaki kwenda moja kwa moja. Nalirudisha kushoto, linakwenda kulia. Nalirudisha kulia, linakwenda kushoto. Na nikitoka kwenye kona, usukani haurudi wenyewe. Lazima niurudishe kwa mkono.

MWENYE GARI: Langu halina hilo. Langu ni zito. Nikigeuza pale sokoni natoka jasho. Na likifika mwendo fulani, magurudumu ya mbele yanaanza kutetemeka, usukani unanipiga mikono mpaka nipunguze mwendo.

MWALIMU: Mnaona? Magari mawili, dawa ileile ya vibati virefu, na maradhi yamekuja tofauti. Hilo si bahati. Sababu iko pale kibati kilipofungwa. Kwenye Suzuki ya SJ, na kwenye Land Cruiser ya 40 pia, kibati cha springi ya mbele kiko mbele kabisa, karibu na bampa. Kwenye Land Rover ya Series kiko nyuma ya springi, na ile ncha ya mbele imefungwa kwenye chasisi moja kwa moja.

KIJANA: Na tofauti hiyo inafanya nini?

MWALIMU: Tazama baiskeli yako. Uma wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo kuja kwa mpanda. Ule ulalo ndio unaoifanya baiskeli ikae kwenye mstari hata ukiachia mikono. Gari nalo lina ulalo huo, kwenye pini mbili za juu na chini ambazo gurudumu la mbele linazungukia. Pini ya juu inakuwa nyuma kidogo ya ya chini. Mafundi wanauita kasta. Land Rover ya Series ilitoka kiwandani na nyuzi tatu. Ni pembe ndogo, jicho halioni, lakini ndiyo inayourudisha usukani katikati. Sasa wewe umerefusha kibati cha mbele. Springi imeinama mbele, na ekseli imeinama nayo, pini ya juu imekwenda mbele. Ule ulalo umeupunguza, pengine umeumaliza. Gari halina tena kitu cha kulirudisha kwenye mstari, kazi hiyo umeichukua wewe kwa mikono yako.

FUNDI: Na Sheikh yeye kinyume chake. Kibati chake kiko nyuma, kakirefusha, springi imeinama kwa nyuma, kasta imezidi. Usukani unakuwa mzito. Na shingo ya difu ya mbele inatazama chini, propela inakunjika zaidi. Habu zako ukizifungua huoni kitu, kwa sababu propela ya mbele haizunguki. Siku ukizifunga upande mlima na mzigo, utasikia krosi zinalia.

Maneno haya mawili, la mwalimu na la fundi, ndiyo kiini cha mjadala mzima kwa maoni yangu. Watu hununua vibati kwa inchi, wakidhani wananunua urefu peke yake. Wananunua pia mzunguko wa ekseli, na hakuna anayewaambia umeelekea wapi.

KIJANA: Dawa yangu ni ipi, Mwalimu? Nirudi chini?

MWALIMU: Dawa nyepesi ni kabari. Kipande cha chuma chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, kinakaa kati ya springi na kiti cha ekseli. Kwenye Suzuki yako ekseli imekaa juu ya springi, kwa hiyo upande mnene unakuwa mbele: unainyanyua ekseli kwa mbele, pini ya juu inalala nyuma. Nyuzi mbili au tatu zinatosha kulirudisha gari kwenye akili yake. Lakini kabari iwe ya chuma kigumu, iwe na tundu la kukaa ile bolti ya katikati ya springi isipate kuchomoka, na yubolti ziwe mpya.

FUNDI: Yubolti mpya, mwanangu, usizirudishe za zamani. Ikishavutwa mara moja imerefuka, na hapa petu chumvi imeshaila. Na ukishafunga, utembee siku mbili tatu, urudi nizikaze tena. Wengi hawarudi.

KIJANA: Na vile vipande vya chuma vya mraba wanavyoweka kati ya ekseli na springi kupata urefu?

FUNDI: Nyuma, kama vimefungwa sawasawa, nitanyamaza. Mbele sikufungii. Ukikanyaga breki, ekseli ya mbele inataka kujizungusha kwa nguvu, na kipande kile kinaifanya ipate mkono mrefu wa kusukumia. Kikichomoka, gurudumu na usukani vinakwenda kila kimoja njia yake.

MWENYE GARI: Haya, huyo kapata kabari. Mimi na mtetemeko wangu? Mtu mmoja aliniambia niweke dampa ya usukani, nikaweka. Miezi michache gari lilitulia. Sasa umerudi kama zamani.

FUNDI: Dampa ni shokapu tu iliyolazwa. Inameza mtetemeko, haiuondoi. Na mbaya zaidi, wakati inaumeza, kilichochakaa kinaendelea kuchakaa na wewe huna habari. Land Rover ya Series ikitetemeka mbele, mimi natazama kwanza kwenye zile pini, sitazami kwingine. Pini ya juu inakaa ndani ya bushi ngumu ya kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, na bushi hiyo imewekwa makusudi ikabe. Ule ukabaji ndio dampa ya kiwandani. Bushi ikiliwa, gurudumu linabaki jepesi, linapiga kushoto kulia lenyewe.

MWENYE GARI: Na utajuaje kama imeliwa?

FUNDI: Kwa mizani. Hii hii ya ndoano wanayopimia pweza. Nanyanyua mbele kwa jeki, nafungua vyuma vinavyounganisha magurudumu, nafungua na sili kubwa ili isinidanganye, halafu natia ndoano kwenye mkono wa usukani na kuvuta taratibu. Gurudumu linapoanza kugeuka, nasoma. Nataka kilo tano, sita, hadi saba hivi. Likigeuka kwa kilo mbili, jibu limepatikana. Kwenye pini ya juu kuna shimu, vipande vya bati nyembamba kama karatasi. Natoa kimoja, nakaza, napima tena. Ikiwa bushi imekwisha kabisa, natia mpya. Kazi nzima haina kitu kikubwa cha kununua.

Niliposikia juu ya mizani ya pweza nilitaka kila mwenye Land Rover kisiwani apate habari hiyo. Watu wanaagiza dampa kutoka Dar es Salaam kwa nauli ya boti, na kipimo cha kweli kimening'inia kwenye diko la samaki.

MWALIMU: Fundi kasema la pini, nami niongeze la viungo. Land Rover hiyo ina njia ndefu kutoka usukani hadi gurudumu. Boksi ya usukani inasukuma chuma kirefu kwenda mbele. Chuma kinafika kwenye mhimili uliosimama ndani ya chasisi, kule mbele. Mhimili unageuza chuma cha pili, hicho kinakwenda kwenye gurudumu moja. Na gurudumu hilo linalivuta la pili kwa chuma cha tatu. Hesabu viungo vyake: kila ncha ina boljointi. Land Cruiser ya 40 ya zamani nayo ina mkono wa katikati wa namna hiyo, nao ukilegea hakuna alaimenti itakayosaidia. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, jumla yake unaikuta mkononi, usukani unacheza upana wa kiganja kabla gurudumu halijajibu.

FUNDI: Na kuvipima hakuhitaji mashine. Gari lisimame chini kwa uzito wake, injini imezimwa. Mtu mmoja akae ndani achezeshe usukani kidogo, kushoto kulia, asigeuze magurudumu. Mwingine alale chini, ashike kila kiungo kwa kiganja, kimoja baada ya kingine. Kilichokufa utakisikia kinagonga mkononi. Vidole vinasikia kabla jicho halijaona. Lakini ule mhimili ndani ya chasisi usiufungue mwenyewe nyumbani. Ndani kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi, ikitoka inarukia uso. Mimi huifunga kwa gunia kabla sijaigusa.

KIJANA: Ami, hivyo vyote vikiwa vizima, bado kuna jambo jingine. Nikiingia shimoni gurudumu moja, usukani unajizungusha wenyewe mkononi. Sikugeuza mimi.

MWALIMU: Hilo ni la urefu moja kwa moja. Kabla hujanyanyua, chuma kinachotoka boksi ya usukani kwenda gurudumu kililala karibu sawa na ekseli. Boksi iko kwenye chasisi, imepanda; ekseli imebaki chini; chuma sasa kimeinama. Gurudumu likipanda na kushuka, ncha ya chuma kilicholala inakwenda juu na chini tu. Kilichoinama, ncha yake inakwenda na pembeni pia, inasukuma gurudumu au inalivuta. Kila shimo linageuka kuwa amri ya usukani. Dawa ni kukirudisha chuma kilale: ama mkono wa boksi ushushwe, ama ule wa gurudumuni upandishwe. Mkono wa usukani haukunjwi kwa moto na nyundo. Chuma cha usukani kilichopashwa moto gereji ya kando ya barabara sikipandii.

FUNDI: Wala mimi.

KIJANA: Na pawa stelingi? Kuna jamaa kafunga boksi ya Land Cruiser ya 60 kwenye 40 yake, anageuza kwa kidole.

FUNDI: Ni kazi nzuri ikifanywa vizuri. Boksi ile inakubali, na ule mkono wa katikati unaondoka, viungo vinapungua. Lakini chasisi ya zamani lazima iongezwe bati pale boksi inapofungwa, la sivyo inapasuka. Na kwanza niambie kwa nini usukani ni mzito. Kwako wewe ni mwepesi kupita kiasi, pawa ya nini? Kwa Sheikh ni mzito kwa sababu ya vibati, na kwa sababu ya tairi pana alizoziweka kwenye rimu zilizotokeza nje.

MWENYE GARI: Rimu nazo zina kosa?

FUNDI: Gurudumu likisogea nje, linakuwa mbali na ile pini linayozungukia. Kila jiwe linapata mkono mrefu wa kukupiga nao. Land Rover hiyo ilikuja na tairi la 7.50-16, jembamba, refu. Tairi hilo linachana tope mpaka linapata udongo mgumu. Tairi pana linaelea juu ya tope na linateleza nalo. Mchangani Vumawimbi, sawa, pana ni zuri, na hata jembamba ukilipunguza upepo mpaka PSI kumi na nane litapita. Ila ujaze tena kabla hujafika lami Konde. Wengine wanarudi hivyohivyo mpaka Chake, halafu wanasema gari linayumba.

MWALIMU: Na alaimenti ifanywe mwisho, baada ya vyote hivyo. Haina haja ya kusafirisha gari. Nyanyua gurudumu, lizungushe, lichore mstari wa chaki katikati ya tairi. Fanya pande zote mbili. Shusha, sukuma gari mbele kidogo lijikalie. Pima kwa futi ya kamba kutoka mstari hadi mstari kwa mbele, kisha kwa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Land Rover ya Series inataka mbele pawe pamepungua milimita 1.2 hadi 2.4. Wanafunzi wanakifanya kipimo hicho kwa futi ya fundi seremala, na kinatoka sawa.

Mpaka hapa mtu angesema mjadala umekwisha: vibati vina kabari, pini zina shimu, vyuma vinalazwa, tairi zinarudi nyembamba, gari linabaki juu na usukani umepatikana. Kijana alilisema hilo waziwazi, na kwa furaha. Mimi sikuridhika, kwa kuwa usukani unaotii unaweza kumpa dereva ujasiri ambao gari lenyewe haliustahili. Nikamwomba mwalimu aseme juu ya kupinduka.

MWALIMU: Hesabu yake ni nyepesi. Chukua nusu ya upana kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, ugawe kwa kimo cha uzito wa gari kutoka chini. Tuseme Suzuki ndogo: upana mita 1.2, nusu yake sentimita 60. Tuseme uzito wake umesimama kwenye sentimita 60. Unapata moja. Linyanyue sentimita kumi, utapata 0.86. Umeshapoteza zaidi ya asilimia kumi ya uwezo wa gari kusimama kwenye kona, na hujapakia abiria hata mmoja. Weka watu wanne na mizigo juu ya paa, ugawe tena.

KIJANA: Suzuki haipinduki hovyo, Mwalimu. Ni maneno ya watu.

MWALIMU: Maneno hayo yalifika mahakamani. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani liliipima Suzuki Samurai, ndugu wa gari lako, likasema haikubaliki kwa sababu ya kupinduka kwenye kona za ghafla. Suzuki walikataa, wakasema majaribio hayakuwa ya haki, wakashtaki mwaka 1996, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2004. Sikuamulii nani alikuwa na haki. Nakwambia tu kwamba ubishi wote ule ulihusu gari likiwa kwenye kimo cha kiwandani. La kwako umeliongeza kimo, na unateremka nalo vilima vya Pemba na wageni ndani.

FUNDI: Nami nina la mipira ya breki. Watu wananyanyua gari, mipira inabaki ileile. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, mpira unavutika kama kamba ya ngoma. Siku moja unakatika, na breki ya mbele inakwenda nayo. Hilo halihusu usukani, lakini sitengenezi usukani wa gari ambalo mpira wake wa breki umevutika. Na shokapu vilevile: iliyo fupi inafika mwisho kabla ya springi, inageuka kuwa mnyororo.

Nami sasa niseme langu. Kama gari ni la mchanga wa Kigomasha na la kwenda polepole, linyanyuliwe kidogo, kwa springi zenye upinde zaidi badala ya vibati virefu. Springi za namna hiyo zinapandisha ncha zote mbili kwa pamoja, na ekseli hainami. Kama ni la karafuu, lenye watu na magunia, likipita lami kila siku, naona lirudishwe kimo chake, livae tairi refu na jembamba, na fedha iliyokusudiwa kwa dampa na rimu iende kwenye boljointi, bushi na mipira ya breki. Springi zenyewe zifunguliwe, majani yasuguliwe kutu kwa brashi ya waya, yatiwe grisi na kufungwa tena. Hewa ya bahari huyashikamanisha, springi inakuwa kipande kimoja cha chuma kisichopinda, na gari linaruka badala ya kukanyaga njia. Nimeona magari yanayolaumiwa kwa ufupi ilhali maradhi yake ni kutu.

Na sitaki kuona tena wachumaji wamekaa juu ya magunia kwenye gari ambalo hakuna aliyelala chini yake kushika viungo vyake kwa kiganja. Mwendo wa kutoka shamba hadi kituo cha kununulia karafuu ni mfupi, nao unateremka.

MWENYE GARI: Mmenishinda kwa sehemu, si kwa yote. Rimu nitatoa. Pini, Fundi azipime. Lakini vibati naviacha mpaka msimu upite. Siwezi kulishusha gari wakati karafuu ziko mtini.

FUNDI: Msimu ndio wenye mzigo, Sheikh. Ukipita msimu, gari lako litakuwa linabeba nini la kunitia hofu?

MWENYE GARI: Na nikikwama kwenye ule mgongo wa kilima?

FUNDI: Njoo na vijana wawili na majembe, tuukate ule mgongo kabla mvua haijaanza. Ni asubuhi moja. Gari lilete Jumatatu.

KIJANA: Na langu, Ami?

FUNDI: La kwako nitalitia kabari, na mipira mirefu ya breki. Lakini ile keria ya mizigo juu ya paa uitoe kwanza, ndipo ulilete.

KIJANA: Wageni wanapenda kukaa pale juu wapige picha.

FUNDI: Basi usiniletee.